Ukuta Kati ya Nondo na Korongo

Mimi ni mfupi. Ninaanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nilihangaika mama mkwe wangu asilijue, na katika kuhangaikia kimo changu sikuona lililokuwa likimpata yeye. Wanangu wananiambia niache, mambo yamepita. Yamepita kwao. Mimi hadi leo nikimwona nondo mkubwa ametua ukutani chini ya taa, moyo unanisuta, nainuka na kuingia ndani hata kama chakula bado kiko mezani.

Tuliishi Katuba, mtaa wa mji wa shaba, wakati nchi ikiitwa Zaire na sisi sote tukiitana sitwayeni, yaani raia, hata tukiwa tunatukanana. Nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya mgodi. Kwetu ni kaskazini, kwenye maziwa ya mto Lualaba. Baba yangu alihamia huku kwa kazi ya reli akanileta nikiwa tayari ninajua kusukuma mtumbwi. Mke wangu ni mtu wa hapa hapa, wa misitu ya kusini mwa mji, na ndugu zake walikuwa wakipenda kunikumbusha kwamba wao walikuwepo kabla ya shimo la kwanza la shaba. Baba yake alipofariki tukamchukua mama yake aje kukaa nasi, na hapo ndipo nilipojenga ukuta.

Inabidi nieleze, maana vijana wa siku hizi wanakaa sebule moja na mama wakwe zao wakigombea redio. Kwa watu wa mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawatazamani. Wala si chuki, ni heshima, ila heshima yenyewe ina kazi nyingi. Wakikutana njiani, mama anajifunika uso kwa kitenge na kujitenga pembeni, naye mkwe anageuza shingo upande wa pili. Mkwe hali chakula kilichopikwa na mkono wa mama. Hali hiyo inaendelea mpaka siku ya kumwingiza mkwe nyumbani. Siku hiyo wanawake wa ukoo wanapika vyakula vyote vya kwao, mama anamlisha mkwe kwa mkono wake mwenyewe, wanatazamana, na tangu hapo amekuwa mtoto wa kumzaa. Mkwe ndiye anayetoa neno kwamba yuko tayari. Mama hawezi kuomba. Akiomba, ameuvua nguo ukoo mzima.

Basi nikajenga ukuta wa matofali ya kuchoma, ukakata uwanja katikati. Upande mmoja kulikuwa na chumba chake na jiko, upande mwingine mlango wetu mkubwa na kiti changu cha jioni. Kunizidi mimi kimo hakukuhitaji matofali mengi. Lakini mke wangu alisema mama yake ni mrefu, kwa hiyo nikaongeza mistari michache kwa ajili yake. Juu ya mlingoti katikati nikatundika balbu moja, itumulikie sote. Nilijisifu sana kwa ukuta ule. Majirani walikuja kuutazama, na wakubwa kwa umri wakasema kijana huyu wa kaskazini anajua heshima za watu.

Siku ya ndoa yetu kanisani, mama huyo alikaa benchi la nyuma kabisa, kitenge kichwani, akitazama sakafu. Kwa hiyo nilikuwa na hakika hajaniona, na sikuwa na hamu ya kuonwa.

Maneno ya kwanza aliyonielekezea aliyapitisha kwa sufuria. Zilikuwa siku za mvua, amepata kikapu cha viwavi wa msituni, wale wa kula tunaowaita finkubala, naye alikuwa akiwakamua matumbo tayari kwa kuwachemsha. Mimi kwenye kiti changu nikaguna kwa sauti kwamba leo uwanja unanuka.

“We sufuria, sikia,” sauti ikatoka upande wa pili. “Kuko mwanaume moja anasema finkubala inanuka. Kwabo banakulaka samaki yenye kulala siku tatu ku jua. Ile haiko inanuka?”

Nilishtuka, kisha nikacheka. Nikakigeukia kiti changu. “We kiti, ambia sufuria: samaki iko chakula ya bantu. Kadudu iko chakula ya ndege.”

“Ndege gani?”

“Korongo, mama. Ile ndege ya mayi. Iko murefu, inasimama, haina haraka na muntu. Banaume ya kwetu beko vile vile.”

Mke wangu, aliyekuwa akipepeta unga mlangoni, aliniangalia kuanzia unyayoni hadi utosini, safari isiyo ndefu, akaziba mdomo kwa mkono.

“Murefu,” sauti ya ukutani ikarudia. “Sawa. Basi siye tuko kipepeo ya usiku, mama ya hii finkubala. Ile haina hata kinywa. Haiombake muntu chakula.”

Hivyo ndivyo ulivyoanza utani wetu, na ukawa mkubwa. Kila jioni nikitoka kazini, nikishanawa, nilikaa kwenye kiti na yeye akakaa kwenye kibao chake, ukuta katikati, tukashindanisha wadudu wake na ndege wangu. Mke wangu akiwepo tulipitishia kwake: ambia bwana yako, ambia mama. Asipokuwepo tulitumia sufuria, kiti, ufagio, hata kuku. Majirani walikuwa wakija na vigoda vyao kusikiliza. Kuna waliokuwa upande wa nondo, kuna waliokuwa upande wa korongo, na mzee mmoja wa nyumba ya tatu alikuwa akihama upande kufuatana na anayemgawia karanga.

Yeye alinifundisha habari za nondo, yule kipepeo wake wa usiku. Kwamba kiwavi anakula majani usiku na mchana mpaka tawi linabaki uchi, kisha anajizika ardhini na kukaa humo kiangazi chote. Mvua za kwanza zikigonga udongo, anatoka akiwa na mabawa mapana kama viganja viwili vya mwanamke. Na anatoka bila kinywa. Hali, hanywi. Anaishi siku chache kwa akiba ya kile alichokula alipokuwa kiwavi, anataga mayai yake juu ya jani, anakufa. Ukimkamata, hana cha kukuuma nacho.

Mimi nilimjibu kwa korongo. Nilimweleza jinsi yule ndege wa kijivu anavyosimama kwenye maji ya magoti alfajiri, mguu mmoja ameukunja, shingo ameikunja, huwezi kujua kama ni ndege au ni kijiti. Samaki wadogo wanapita, anawaacha. Anangoja. Wavuvi wanakuja na kuondoka, yeye anangoja. Halafu shingo inafyatuka mara moja, na samaki mkubwa yuko mdomoni. Nilimwambia korongo anarudi kiotani na chakula tumboni anawatapikia watoto wake, wakati nondo anawatupa watoto wake juu ya jani bila hata kuwaaga.

“Ambia bwana yako,” akasema siku hiyo, “kipepeo inakufa ju haina wakati. Korongo yake iko na wakati ya nani?”

Watu walishangilia, pointi ikaenda kwake. Sikuitafakari kauli ile. Nilikuwa nikitafuta jibu la kuwachekesha watu kesho yake.

Mke wangu yeye aliitafakari. Usiku ule ule aliniambia, “Baba, fanya ile kintu. Mama anazeeka.”

Alikuwa akisema habari ya kuingizwa. Nilimwambia nitafanya, ila ifanyike vizuri. Nilikuwa natazamia kupandishwa cheo niwe msimamizi wa karakana, na nilishaona akilini mwangu sherehe yenyewe: mbuzi, kreti za bia, suti mpya ya kijivu ya abakosti, ndugu zangu wote wametoka kaskazini kwa treni, na mimi nimekaa kwenye kiti kirefu. Sehemu ya kiti kirefu sikumwambia mke wangu. Sikutaka mama yule mrefu anione kwa mara ya kwanza nikiwa na bukari, ugali wetu wa kawaida, mbele yangu na kichwa kikiizidi meza kidogo tu. Nilitaka anione nikiwa mtu.

Kwa hiyo nikangoja. Hata nilijisifia ukutani kwamba nangoja kama korongo. Redio ilikuwa ikituhimiza kila asubuhi turudie mila za mababu. Tulikwisha kuvua tai na kuacha majina ya ubatizo, Jumamosi tulifagia mitaro kwa amri ya Chama tukiimba. Mimi nilikuwa wa kwanza kuimba. Na mila moja, iliyokuwa yangu mimi wa kuifanya, ilikuwa imekaa kwenye kibao nyuma ya ukuta wangu ikikamua viwavi.

Kisha bei ya shaba ikaanguka. Kupandishwa vyeo kukasimama, mbuzi akapanda bei, ndugu zangu wakawa hawana hata nauli ya treni. Nilisikitika, lakini, kusema kweli, nilipata na nafuu fulani. Sababu ya kungoja sasa ilikuwa ya dunia nzima, siyo yangu peke yangu.

Jambo la mtaroni lilitokea wakati wa kiangazi. Nilikuwa natoka kazini, mchana wa jua kali, na vumbi la Katuba limefika magotini. Nikamwona mwanamke mrefu anakuja upande wangu, mkono mmoja ukigusagusa nyua za nyumba za watu. Nikamtambua kwa kitenge, maana nilikuwa nimekizoea kwenye kamba ya nguo. Nikapunguza mwendo nimpe nafasi ya kujitenga. Hakujitenga. Nikakohoa. Aliendelea kuja, uso wazi, macho yamenielekea sawasawa, wala kitenge hakukigusa.

Nilichanganyikiwa. Watu walikuwa wamesimama dukani wanatazama. Mmoja wetu ilibidi aipishe heshima, na kwa kuwa yeye hakuipisha, nikaruka mimi. Niliangukia mtaroni na viatu vyangu vya kazi, kwenye yale maji ya sabuni na maganda, na akina mama wa sokoni wakacheka hadi wengine wakaketi chini. Yeye alipita. Alisimama kidogo pale nilipoangukia, kama mtu anayesikiliza, kisha akaendelea na nyua zake.

Njia nzima hadi nyumbani nilikuwa na wazo moja: ameniona. Amenitazama usoni kabla sijawa tayari, ameona kimo changu chote, na hakuona hata sababu ya kufunika uso. Amenidharau. Leo nikikumbuka wazo lile natamani ardhi ipasuke. Mtu mzima, fundi, baba wa watoto, sikuweza kufikiria sababu nyingine yoyote ya mama yule kunitazama vile isipokuwa urefu wangu.

Jioni majirani walikuja na vigoda vyao kama kawaida, na habari za mtaro walikwisha kuzipata. Nikaona nishambulie kabla sijashambuliwa.

“Ambia mama,” nikapaza sauti, “leo nimekutana na kipepeo mu njia. Nilikuwa najua haina kinywa. Kumbe haina hata macho!”

Uwanja mzima ukalipuka. Yule mzee wa karanga alipiga mapaja. Na upande wa pili yeye alicheka kuliko wote. Alicheka kwa muda mrefu, kicheko kikubwa, mpaka watu walipomaliza yeye akawa bado anacheka.

Kisha akasema, taratibu, “Ambia bwana yako: kipepeo iko na macho mingi. Iko nayo hata ku mabawa, makubwa, ju ya kutisha ndege. Lakini ile ya ku mabawa haionake.”

Nikasema pointi ni yangu. Nilikuwa na furaha. Mke wangu alikusanya vyombo kabla watu hawajamaliza kula, akaingia ndani, na nilipomfuata kumuuliza kulikoni akaniambia amechoka.

Nimekuwa na miaka mingi ya kuwapima tena hao viumbe wawili, nikiwa peke yangu, bila majirani wa kushangilia. Tulikuwa tukishindana nani bora, na hatukuwahi kusema lililo wazi: korongo anaweza kungoja kwa sababu kesho yupo. Ziwa lipo, samaki wapo, mwaka ujao atarudi kusimama pale pale. Nondo hana kesho ya kungojea. Akitoka ardhini, kila jioni ni ya lazima. Ukiwaweka kwenye uwanja mmoja na kumwachia korongo aamue siku, unajua mwenyewe nani atalipa. Na mimi ndiye niliyemwachia korongo. Nilimpa na kiti.

Mvua zilirudi. Jioni ya mvua ya kwanza, taa zikiwa ndiyo zimewaka na watoto bado wanacheza nje, nondo mkubwa alikuja kuizunguka balbu yetu. Aligonga kioo, akapoteza mwelekeo, akaanguka upande wa pili wa ukuta. Nilisikia mabawa yakikwaruza matofali, kisha kimya.

“Mama!” nikaita, bila hata kutumia kiti wala sufuria. “Mutoto yako amefika. Iko upande yako, ku ukuta.”

“Kweli?” Sauti ilikuwa na furaha ya msichana. “Wapi?”

Nikasikia kiganja kikipapasa matofali. Kilikwenda kushoto, kikarudi kulia. Kilipapasa chini.

“Mama,” sauti ya mke wangu ikatoka jikoni. “Iko mbele ya macho yako.” Halafu, kwa sauti ndogo: “Acha, mama. Acha tu.”

Lakini kiganja hakikuacha. Sijui niseme nini kilichonisukuma. Nilipanda juu ya kiti, maana bila kiti nisingeona, nikashika ukingo wa ukuta nikachungulia upande ambao kwa miaka yote ile sikuwahi kuchungulia.

Alikuwa amesimama chini ya mwanga, mrefu kweli, mwembamba kuliko nilivyofikiri. Nondo alikuwa ametua usawa wa uso wake, mabawa wazi, yale madoa makubwa mawili ya duara yakimtazama, na kati ya pua yake na mabawa yale usingeweza kupitisha kitabu. Yeye alikuwa akipapasa tofali la pembeni. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Alikuwa akitabasamu.

Kiti kikalia chini yangu. Akasikia, akajua nimefanya nini. Kwa haraka, kwa heshima ile ile ya siku zote, akavuta kitenge akakiweka kama pazia kando ya uso, akageuka ili anipe kisogo. Ila alikosea upande. Pazia lile lilimficha na ukuta wa jiko, na uso wake wote ulikuwa umenielekea mimi.

Nilishuka. Nilikaa chini, siyo kwenye kiti, chini kwenye udongo wenye maji.

“Tangu lini?” nilimuuliza mke wangu tulipokuwa chumbani.

“Mbele ya ile siku ya mutaro. Ilikuwa inakuya polepole.”

“Na hukuniambia?”

“Alinikataza. Alisema, asifanye ju ya huruma. Afanye ju anataka.” Akanitazama. “Na ile jioni ulisema kipepeo haina macho, aliniambia: usimwambie sasa, atasikia haya sana.”

Nilidhani nitapiga kelele. Sikupiga. Nilijisikia mchafu, kama ule mtaro haujawahi kunitoka nguoni. Kazini nilikuwa ninavaa kinyago cha kioo cheusi ili macho yangu yasiunguzwe na moto, na nilikuwa nikiwakaripia vijana wasiovaa. Macho ndiyo kazi, nilikuwa nikiwaambia. Nikirudi nyumbani nilikuwa ninakaa hatua chache kutoka kwa mtu anayepofuka, tunapiga soga.

Tulimpeleka kwa daktari wa macho. Mimi nilitembea nyuma yao, mbali, kwa sababu bado ilikuwa haramu nikaribie. Daktari, mtu mpole, alisema maji ya ndani ya jicho yalikuwa yamebana kwa muda mrefu, na mshipa wa kuonea umekufa. Angeletwa mapema pengine angebakiza kitu. Kisha akauliza, bila ubaya, kama nyumbani hakuna mtu aliyeona dalili. Mimi nilikuwa mlangoni, nimegeuza shingo kama mila inavyotaka.

Niliporudi nikatoa neno. Nilimtuma mke wangu kwa shangazi zake: niko tayari, Jumapili hii hii, bila mbuzi, bila bia, chochote kitakachopatikana. Na kwa kuwa sikuweza kukaa kimya hadi Jumapili, siku iliyofuata asubuhi nilichukua nyundo nikaubomoa ukuta. Niliupiga kwa hasira, kama yule ukuta ndiye mkwe. Nilipomaliza nikawa natiririka jasho na nafsi imepata wepesi kidogo.

Ndipo akatoka chumbani kwake kwenda jikoni. Alinyosha mkono wa kushoto, kwa mazoea, kutafuta matofali. Mkono ukashika hewa. Akapiga hatua, akaunyosha tena, akasimama pale pale mlangoni mwake, mkono mbele, kama mtoto anayejifunza kutembea. Ukuta wangu ndio uliokuwa ukimwongoza. Muda wote ule kitu pekee nilichompa kilichomsaidia kilikuwa kile, na nimekivunja bila kumuuliza, ili mimi nijisikie vizuri.

Nikaujenga upya. Nilifanya kazi hadi jua likazama, na sikuupandisha, nikauacha wa kufika kiunoni, mkono upate pa kupitia. Yeye alikaa kwenye kibao chake akisikiliza mwiko ukigonga matofali.

“We ufagio,” akasema hatimaye, “uliza ule fundi kama korongo inabomoaka na kujenga mu siku moja.”

Nikaweka tofali lingine. Ilikuwa mara ya kwanza kumwachia pointi bila kubishana.

Jumapili, baada ya misa, shangazi za mke wangu walikuja na vikapu vyao. Walipika bukari, sombe ya majani ya muhogo, uyoga, na finkubala waliokaangwa na nyanya na kitunguu. Walimketisha mama kwenye mkeka sebuleni, kitenge usoni, kisha wakaniingiza mimi nikiwa nimefunikwa shuka, wakanikalisha mbele yake. Sikuwa na abakosti mpya wala kiti kirefu. Shangazi mkubwa akatufunua sote wawili kwa mara moja, akasema maneno ambayo yamekuwa yakisemwa siku zote za kuingiza mkwe:

“Angalia mutoto wako.”

Alipokwisha kuyasema akajiuma midomo. Nilimtazama mama. Ilikuwa ruhusa yangu kamili sasa, ningeweza kumtazama nitakavyo, siku yoyote, hadi nichoke. Yeye alikuwa ameelekeza uso wake kidogo pembeni ya sikio langu.

Akachukua kiwavi mmoja kwenye sahani, akaleta mkono. Ukafika kwenye pua yangu kwanza, kisha kwenye masharubu.

“Njo kinywa hii?”

“Njo yenyewe, mama.”

“Basi korongo ikule.”

Nikala. Watu huniuliza nilionaje ladha yake, baada ya miaka yote ile ya kuwatukana finkubala. Sikumbuki ladha. Nakumbuka kwamba vidole vyake vilikuwa vinangoja kwenye midomo yangu kuhakikisha nimemeza.

“Simama,” akasema. “Nikuone.”

Tukasimama sote wawili. Akaweka kiganja begani kwangu, akakitafutia njia ya kupanda: shingo, sikio, paji la uso. Na mimi, Mungu anisamehe, mimi niliyelia wiki nzima, niliyebomoa na kujenga, niliyejiapiza kwamba kiburi kimekwisha, nilipouona mkono ule unakaribia utosini nikainuka juu ya vidole vya miguu. Sikuamua. Mwili uliamua, umezoea. Shangazi wote waliona. Mke wangu aliona, na safari hii hakuziba mdomo.

Kiganja kikafika juu ya kichwa changu, kikatulia hapo.

“Ehe,” akasema. “Murefu. Sawa na ulisema.”

Miguu ilianza kutetemeka. Nilibaki juu, nimebana pumzi, natazama yale macho meupe. Akashusha mikono yote miwili mpaka mabegani kwangu, akanishika vizuri, kama unavyomshika mtu aliyesimama ukingoni mwa maji.

“Shuka sasa, mutoto wangu,” akaninong’oneza, wengine wasisikie. “Utaanguka.”

Nikashuka, taratibu, mpaka visigino vikagusa mkeka, na mikono yake ikashuka pamoja nami.